Trafalgar mezani: kwa nini Mfaransa ananipiga kila Jumapili?

#1 NahodhaWaTegeta

Wakuu, heshima zenu.

Mimi na shemeji yangu tunacheza vita vya manowari za matanga mezani. Meli ni za plastiki, skeli ya 1/700, za kuunga mwenyewe. Tulianza na boksi la mchezo wa Black Seas lenye frigeti tatu (manowari za kati) na briki sita (ndogo, za milingoti miwili), halafu tukawa tunaongeza manowari kubwa mojamoja kila mmoja wetu akipata nafuu ya hela. Kanuni hatukufuata za boksini, tumezitunga wenyewe kwa mwaka mzima na tumezizoea.

Meza ni plaiwudi moja, futi 8 kwa 4, nimeipaka buluu ya kijivu. Kwenye vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, Nelson wa Uingereza alikuwa na manowari 27, na Villeneuve wa Ufaransa akiwa pamoja na Wahispania wa Gravina walikuwa nazo 33. Meli zote hizo hatuna, kwa hiyo tumegawanya kwa tatu: mimi 9, shemeji 11. Mimi ndiye Mwingereza. Nakwenda safu mbili kama Nelson, upepo uko mgongoni mwangu, naukata mstari wa meli zake. Tumecheza mara sita, mara tano nimepigwa, tena kipigo cha haja. Jumapili iliyopita Victory yangu, meli ya Nelson, ilibaki na mlingoti mmoja kabla haijaufikia mstari.

Kwenye historia Mwingereza hakupoteza hata meli moja. Kwangu anapoteza nne, tano. Kosa liko kwenye kanuni, kwenye meza, au ni mimi?

#2 KijanaWaKisauni

Uzi wa meli! Nimekaa safu ya mbele. Weka picha.

#3 Kalafati

Mkuu, swali moja kabla sijasema kitu. Mabaharia wako na wa shemeji wana alama sawa? Mzinga wa Victory na mzinga wa Bucentaure, meli ya Villeneuve, vyote vinalia mara moja kwa zamu?

#4 NahodhaWaTegeta

Ndiyo, mzinga ni mzinga. Tulitaka mchezo uwe wa haki. Picha nimeweka tatu hapo juu.

#5 Kalafati

Basi hapo ndipo ulipojifunga kamba. Vita vile havikuwa vya haki hata kidogo. Collingwood, msaidizi wa Nelson, alikuwa amewafundisha watu wa meli yake Royal Sovereign mpaka wakaweza kupiga ubavu mzima (mizinga yote ya upande mmoja) mara tatu ndani ya dakika tatu na nusu. Wafaransa walikuwa wamezingirwa bandarini mwao tangu vita vilipoanza tena 1803. Mtu hawezi kujifunza kulenga kwenye chombo kinachokwenda mrama wakati chombo chenyewe kimetia nanga Toulon, maji yametulia kama ya mtungini. Wahispania ndio kabisa: homa ya manjano ilipita Andalusia 1804 ikafyeka mabaharia, meli zikajazwa askari wa nchi kavu na watu waliookotwa mitaani.

Kuna na kitu kidogo ambacho wengi hawakitazami. Mwingereza alikuwa na kifyatulio cha gumegume juu ya mzinga. Mpigaji anasimama nyuma na kamba mkononi, anangoja meli iinuke, anavuta, mzinga unalia papo hapo. Wenzake wengi walikuwa bado na utambi. Unagusisha moto, unasubiri, meli imeshainuka zaidi, risasi inapita juu ya milingoti.

Mpe Mwingereza mapigo mawili kwa moja la Mfaransa. Manowari 18 zilitekwa siku ile, hazikutekwa kwa dadu nzuri.

#6 BiMlingoti

Kalafati, naomba nirekebishe. Yale mapigo matatu yalikuwa ya Dreadnought, meli yake ya kabla. Collingwood alihamia Royal Sovereign siku chache tu kabla ya vita, mwezi huohuo wa Oktoba. Sifa ya Royal Sovereign ni nyingine: tumbo lake lilikuwa limevishwa shaba mpya, likawa safi, ndiyo maana iliwatangulia wenzake ikafika kwenye mstari peke yake na kupigana peke yake kwa muda.

#7 MwalimuWaRamani

Na mimi nirekebishe la pili: zilizotekwa ni 17. Ya 18 ni Achille ya Mfaransa, iliwaka moto ikalipuka.

#8 Kalafati

Nimekubali yote mawili, ahsanteni. Hoja yangu inabaki palepale.

#9 MwalimuWaRamani

Sasa na mimi nitoe yangu, maana nimechukua kalamu na karatasi.

Plaiwudi ya futi 8 ni mita 2.44. Zidisha kwa 700 upate mita 1,708. Meza yako nzima haifiki maili moja ya baharini. Mstari wa Villeneuve siku ile ulinyooka kiasi cha maili tano. Kwa skeli yako unataka meza ya mita 11 hadi 13.

Hilo linaua mchezo wako kwa namna hii. Mbele ya mstari alikuwepo Mfaransa Dumanoir na meli kumi ambazo mwanzoni hazikuguswa sana. Upepo ulikuwa dhaifu. Alipoamua kugeuka kuja kusaidia, ilibidi mashua zishushwe majini zivute vichwa vya meli ndiyo zigeuke. Alipofika kazi ilikuwa imekwisha. Nelson aliijua hesabu hiyo tangu asubuhi: akikata katikati na nyuma, wale wa mbele watachukua saa kadhaa kurudi, na kwa saa hizo yeye ndiye mwenye meli nyingi. Mezani kwako shemeji anazungusha zile za mbele, zamu mbili baadaye yuko mgongoni mwako. Wewe umeiga safu mbili za Nelson lakini umemnyang'anya muda aliouegemea.

#10 NahodhaWaTegeta

Mwalimu, hili sikuwahi kuliwaza. Ni kweli kabisa, kila mara ananimaliza kwa zile tatu za mbele. Lakini sina ukumbi wa mita 13. Nina sebule, na mama watoto anaitaka.

#11 FundiGundi

Teremka skeli. Deki ya mizinga ya Victory ilikuwa na urefu wa mita 57 hivi. Kwa 1/700 inakuwa sentimita 8, kwa 1/1200 haifiki sentimita 5, kwa 1/2400 ni kama sentimita 2.4. Mimi nilihama miaka minne iliyopita nikaenda kwa meli za Langton za 1/1200. Ni za chuma, nzito mkononi, na matanga yake ni shaba nyembamba unayoikunja mwenyewe. Nakunja juu ya mwili wa kalamu ya risasi, polepole, mpaka tanga linashiba upepo. Ukimaliza meli moja macho yanauma, lakini meza ileile ya plaiwudi inakupa bahari karibu mara mbili.

#12 KijanaWaKisauni

Sentimita 2.4? Hiyo si manowari, hiyo ni kokwa ya tende yenye matanga 😄

#13 FundiGundi

Kokwa 60 za tende mezani, safu kwa safu, zote zimefungwa kamba. Njoo uzione halafu ucheke.

#14 TeziNaOmo

Salaam alaykum. Nimesoma tangu juu. Mmesema mizinga, mmesema meza. Bahari hakuna aliyeitaja.

Upepo siku ile ulitoka magharibi, ukivutia kaskazini kidogo, tena upepo wa uvivu. Lakini mawimbi yalikuwa makubwa, yale marefu yasiyovunjika, yanayokuja mbele ya dhoruba. Na dhoruba kweli ilikuja baada ya vita. Villeneuve asubuhi aligeuza vyombo vyake vyote vielekee kaskazini, arudi Cádiz. Sasa piga picha mwenyewe: mawimbi yatoka magharibi, wewe waelekea kaskazini, yakupiga ubavuni. Chombo chalala huku, chalala kule. Mizinga yote iko ubavuni. Mara yatazama maji, mara yatazama mbingu.

Mimi nimelelewa kwenye jahazi la boriti la baba yangu. Mawimbi ya ubavuni twayajua. Chai haikai kikombeni, seuze kulenga mtu aliye mbali. Nelson alikuwa joshini, upande utokako upepo, mawimbi yako tezini mwake, nyuma, yamsukuma. Mezani kwenu bahari ni ubao, umelala. Mpe Mfaransa adhabu ya mawimbi kwa kila pigo la mbali na utafika kwenye mstari na milingoti yako yote.

#15 Kalafati

Hapo nakupinga kidogo, ndugu yangu wa Lamu. Victory haikufika salama. Usukani wake ulivunjwa na risasi, ikabidi iongozwe kutoka deki ya chini kwa watu kuvuta mkono wa usukani. Kama watu 50 waliuawa au kujeruhiwa kabla haijafyatua mizinga yake ya ubavu. Kwa hiyo kuna waliolenga vizuri, mawimbi na yote.

#16 TeziNaOmo

Hamsini kati ya watu zaidi ya 800, na meli nyingi zaielekea moja. Kungekuwa na maji ya kulala, ingekuwaje?

#17 BiMlingoti

Wote mna haki zenu, ila mimi naona tatizo limekaa kwenye kiti, wala haliko mezani. Shemeji anajua.

Anajua utakuja na safu mbili. Anajua utakata wapi. Anajua za mbele zigeuke mapema. Mtaniambia Villeneuve pia alijua, na ni kweli, aliwaambia manahodha wake mapema kwamba Mwingereza hataridhika kujipanga sambamba, atajaribu kupenya na kuwazunguka wa nyuma. Lakini kujua ni jambo moja, kuwafikishia watu 33 walio ndani ya moshi ni jambo lingine. Kila amri ilikwenda kwa bendera. Moshi ukishatanda bendera haionekani, na nahodha asiye na amri anangoja. Shemeji ana jicho la ndege, na meli zake 11 zina kichwa kimoja.

Mimi na wanangu tunafanya hivi. Kila mchezaji anaandika amri za zamu tatu zijazo kwenye vikaratasi, anafunika. Ukitaka kubadilisha, unapandisha bendera, unarusha dadu uone kama imeonekana. Meli iliyo ndani ya moshi haioni. Ukiyafanya hayo, mchezaji wa upande wa Mfaransa na Mhispania anaanza kusikia alivyosikia Villeneuve.

Hata hivyo, haya ya kusogeza vijimeli mezani kutafuta jibu hayakuanza na sisi. John Clerk wa Eldin, Mskoti ambaye hakuwa baharia kabisa, alikuwa akipanga vimeli vidogo mezani kutafuta namna ya kuuvunja mstari wa adui, akachapisha maandishi yake 1782. Mwaka huohuo, Aprili, Mwingereza Rodney aliupenya mstari wa Wafaransa kule Karibi. Kama alimsikiliza Clerk au hakumsikiliza, watu waligombana miaka mingi.

#18 MdauWaMoro

Dadu zenyewe mmezipima? Tia chumvi nyingi kwenye glasi ya maji, tumbukiza dadu ielee, izungushe. Ikirudia uso uleule kila mara, imeegemea.

#19 NahodhaWaTegeta

Tumezipima usiku huu huu. Zote nne ziko sawa. Shemeji alikuwepo, kafurahi kupita kiasi.

#20 KijanaWaKisauni

Samahani natoka nje kidogo. Mimi ndio naanza, nina frigeti moja tu. Matanga ya karatasi yaliyokuja boksini yamelegea yote, yananing'inia kama nguo kwenye kamba. Na kufunga kamba nimeshindwa. Lazima kufunga?

#21 FundiGundi

Si lazima, ila ukishafunga moja hutaitazama tena isiyofungwa.

Matanga kwanza. Pwani yetu ina unyevu, karatasi inakunywa hewa. Kabla ya kukata, paka vanishi isiyong'aa mbele na nyuma, acha ikauke usiku kucha. Kata. Viringisha kwenye kalamu upate tumbo. Ndipo ubandike, gundi nyeupe kidogo tu kwenye foromali (mti unaoshika tanga), usitie supaglu maana inaacha ukungu mweupe kwenye rangi na ukungu ule hautoki.

Kamba sasa. Uzi huu nao unataka uzi. Chukua uzi wa cherehani wa poliesta, ule mwembamba, wa pamba una manyoya na kwa skeli hii manyoya yanaonekana kama kamba imeota ndevu. Upitishe juu ya nta ya nyuki mara mbili, vidole vikiwa na joto, uzi unalala na kutulia. Kamba zinazoshikilia mlingoti zilipakwa lami, kwa hiyo tumia nyeusi. Kamba za kuendeshea matanga zilikuwa na rangi ya katani, tumia kahawia iliyopauka. Anzia mlingoti wa mbele kwenda nyuma, na kila unapovuta, vuta upande wa pili pia, vinginevyo mlingoti unalala. Frigeti yangu ya kwanza milingoti yote ililalia kushoto, niliivunja yote kwa kibano na kuanza upya, jioni tatu zikapotea. Hiyo ndiyo ada niliyolipa. Wewe umeshaipata bure.

Kifurushi changu cha pili kilikaa ghalani kwa msafirishaji wiki saba, nikakikuta kimekanyagwa, milingoti vipande. Tangu hapo nachonga milingoti ya akiba kwa vijiti vya mishikaki. Vinafaa kuliko plastiki.

#22 KijanaWaKisauni

Nimenakili kila neno. Shukrani fundi, za kokwa ya tende naziondoa.

#23 BiMlingoti

Kama unapaka rangi za Trafalgar, usisahau mapete ya milingoti. Nelson aliamuru milingoti ya meli zake ipakwe njano, mapete yake pia, kwa sababu adui alikuwa na mapete meusi, na ndani ya moshi kitu pekee kinachoonekana ni vichwa vya milingoti. Ni mstari wa brashi ya nywele tatu tu. Na Victory yenyewe, ile njano iliyokolea tuliyoizoea, walioko Portsmouth waliibadilisha 2015 baada ya kuchunguza tabaka za rangi ya zamani, sasa imepauka ina uwaridi ndani yake.

#24 FundiGundi

Uwaridi huo mimi sitaupaka. Victory yangu itabaki njano.

#25 MtuWaForodhani

Mie nisemee kitu ambacho hamjakigusa. Ile manowari ya mizinga 74 unayoiunga, ukiipaka bendera nyekundu tupu ushapata chombo chetu. Seyyid Said alikuwa na Liverpool, mizinga 74, imeundwa Bombay kwa mbao za msaji, ikashushwa majini 1826. Mwaka 1836 akampa mfalme William wa Nne wa Uingereza kuwa zawadi, wakaibadilisha jina wakaiita Imaum. Yaani mtawala wetu ndiye aliyempa Mwingereza manowari. Na Sultana ilikwenda mpaka New York 1840 na Ahmad bin Na'aman. Nani kashawahi kuviunda vyombo hivi?

Na Glasgow, ile merikebu ya matanga aliyopewa Sultani na malkia, ikazamishwa hapa mbele ya Forodhani.

#26 MpembaMuscat

Sheikh, Glasgow hakupewa. Kimbunga cha 1872 kilivunja vyombo vya Sultani, baadaye Seyyid Barghash akaagiza iundwe Uingereza, kwa mfano wa manowari ya Kiingereza ya jina hilohilo. Ilikamilika 1878. Na ilikuwa na mashine ya mvuke pamoja na matanga. Ilizama tarehe 27 Agosti 1896, hilo kweli, katika vita vilivyokwisha chini ya saa moja.

La Liverpool uko sahihi kabisa, na mie nimeshaanza kuipaka. Frigeti ya pili itakuwa Shah Alum.

#27 KijanaWaKisauni

Mkishataja vyombo vyetu basi na Mombasa isemwe. Chini ya Ngome ya Yesu kumelala Santo António de Taná, ya Mreno, ilizama Oktoba 1697 Waomani walipoizingira ngome. Waliichimbua kwa kupiga mbizi 1977 mpaka 1980, vitu vyake nimeviona jumba la makumbusho pale ngomeni tangu nikiwa shule ya msingi. Nataka frigeti yangu niipake iwe hiyo.

#28 TeziNaOmo

Usiipake. Hiyo yako ni frigeti ya 1800 na kitu, mgongo wake umenyooka. Ile iliundwa 1681. Vyombo vya wakati ule tezi yainuka juu, omo (mbele) yainama. Utakuwa umemvisha babu suruali ya mjukuu. Bora uchonge.

Mimi nachonga majahazi kwa kipande cha mwembe. Jahazi la mita 15 kwa skeli yenu ni milimita 21. Mlingoti ni sindano, yainama mbele kama ipasavyo, foromali ni unywele wa ufagio, tanga ni karatasi ya sigara iliyotiwa chai. Makampuni hayaundi vyombo vyetu, lakini mwembe upo.

#29 KijanaWaKisauni

Karatasi ya sigara iliyotiwa chai! Picha tafadhali, mzee wangu.

#30 MwalimuWaRamani

Turudi kwa Nahodha, bado anazama Tegeta.

Kuna kitu nimekikumbuka. Umegawanya kwa tatu. Meli yako moja ni meli tatu. Sasa Victory ilipopita nyuma ya Bucentaure, ilipita karibu kabisa, mizinga ya kushoto ikafyatuliwa mmoja baada ya mwingine kupitia madirisha ya tezi, na karonadi yake ya mbele (mzinga mfupi mnene), ya risasi ya ratili 68, ilikuwa imetiwa na risasi 500 za bunduki juu yake. Risasi zikapita deki nzima kwa urefu. Ni pigo la meli moja kwa meli moja, kwa hatua chache. Meli yako ya tatu-kwa-moja inapitaje nyuma ya tezi ya meli tatu? Kanuni zako zinatoa nini kwa pigo la tezini?

#31 NahodhaWaTegeta

Dadu moja ya ziada.

#32 Kalafati

Dadu moja! Mkuu.

#33 NahodhaWaTegeta

Wakuu, narudi na matokeo. Jumapili tumecheza mara mbili.

Mchezo wa kwanza tulifuata Kalafati na Mwalimu: Mwingereza mapigo mawili kwa moja akiwa karibu, pigo la tezini mara tatu, na zile meli tatu za mbele za shemeji haziruhusiwi kugeuka mpaka zamu ya nane. Nimeshinda. Nimeteka sita kati ya kumi na moja na sijapoteza hata moja. Kwa dakika arobaini kila kitu kimekwisha.

Mchezo wa pili tulirudisha mizinga iwe sawa, tukatumia vikaratasi vya Bi Mlingoti na mawimbi ya Tezi na Omo, hakuna kingine. Nimeshinda pia, ila kwa shida: nimeteka tano, nimepoteza moja. Redoutable ya shemeji ilijibandika ubavuni mwa Victory na nusura anipande deki.

Sasa nimechanganyikiwa zaidi. Dawa mbili tofauti, mgonjwa kapona kwa zote mbili.

#34 Kalafati

Wa kwanza ndio Trafalgar. Tazama idadi.

#35 BiMlingoti

Idadi ndiyo, lakini dakika arobaini? Vita vilianza karibu na adhuhuri vikaenda mpaka jioni. Nelson alipigwa risasi kutoka Redoutable kiasi cha saa saba na robo mchana, akafa saa kumi na nusu, na mizinga ilikuwa bado inasikika. Na Redoutable kumkamata Victory ndivyo ilivyokuwa hasa, nahodha wake Lucas aliwafundisha watu wake bunduki na kuparamia meli ya adui kuliko mizinga, na ilikuwa Temeraire iliyokuja upande wa pili kumwokoa Victory. Mchezo wa pili una uhai wa siku ile. Wa kwanza una hesabu yake tu.

#36 ShemejiMwenyewe

Habari zenu. Nimejiunga leo, mimi ndiye Villeneuve.

Nimesoma posti zote 35. Nimejifunza mengi na nawashukuru kwa dhati, hasa mzee wa Lamu kwa mawimbi. Lakini nina lalamiko na nalisema mbele ya wote. Mwaka mzima nimeshinda kwa kanuni tulizokubaliana. Sasa shemeji kashindwa, kaleta wazee, wakabadilisha kanuni mpaka jibu likafanana na kitabu. Kama jibu linajulikana kabla hatujarusha dadu, mimi nakaa upande ule kufanya nini? Zile za mbele mmezifunga mpaka zamu ya nane. Dumanoir hakufungwa na mtu. Alichagua. Mimi nachagua kugeuka mapema, hiyo ndiyo sababu ya kucheza.

Na hata huo ushindi: ile dhoruba iliwanyang'anya karibu wote waliotekwa, meli nne tu ndizo zilifikishwa Gibraltar. Hilo hamjaliwekea kanuni.

#37 TeziNaOmo

Karibu Villeneuve. Umesema neno zito.

#38 MwalimuWaRamani

Karibu sana. Dumanoir alichagua, sawa. Lakini hakuchagua upepo wala umbali. Zamu ya nane si adhabu, ni zile maili ambazo meza haina. Ukipata meza ya mita 13 nitakuwa wa kwanza kukufungulia.

#39 ShemejiMwenyewe

Maili nakubali. Basi zamu ya nane iwe zamu ya kufika. Amri ya kugeuka niitoe mwenyewe nitakapo.

#40 Kalafati

Hiyo naiunga mkono. Ila mapigo mawili kwa moja hayatoki.

#41 ShemejiMwenyewe

Hayo tutabishana. Kwa Jumapili ijayo nimependekeza tuache Trafalgar ipumzike. Tucheze Grand Port, Mauritius, Agosti 1810. Frigeti nne za Mwingereza ziliingia kwenye miamba kumfuata Mfaransa. Sirius na Magicienne zikakwama, wenyewe wakazichoma moto, Néréide ikapigwa mpaka ikasalimu amri, Iphigenia nayo ikafuata. Jina la ushindi ule limechongwa kwenye Arc de Triomphe kule Paris. Meli chache, maji membamba, plaiwudi inatosha, na hakuna atakayesema Mfaransa kapendelewa.

#42 BiMlingoti

Chaguo zuri mno. Miamba muifiche, Mwingereza asiione mpaka chombo kigonge.

#43 NahodhaWaTegeta

Nimekubali. Tunazo frigeti tatu, ya nne haina mlingoti wa mbele tangu mtoto aikalie. FundiGundi, vile vijiti vya mishikaki unavipunguza kwa msasa namba ngapi?

#44 FundiGundi

240 kwanza, umalizie na 400. Chonga ukizungusha kijiti, usisugue upande mmoja. Na Néréide mwachie shemeji aiunge yeye, atakuwa anaipiga kwa huruma.